Msaada: nawezaje kutafuta barua kwenye folda zote kwa mkupuo ndani ya Thunderbird?

KaraniZabibu ameandika:

Wadau, habari za jioni. Msaada tutani, na anayejua naomba anielekeze polepole.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa zabibu, kusini mwa jiji la Dodoma, barabara ya kwenda Iringa. Barua pepe zote za chama tunazisoma kwenye Thunderbird, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows. Humo kuna akaunti mbili. Ya zamani ni POP: barua zilikuwa zikishuka zinakaa kwenye kompyuta, kule kwenye seva zinafutwa. Ya sasa ni IMAP, yaani barua zinabaki kwenye seva, na mwenyekiti naye anaisoma kwenye simu yake.

Karani aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mtu wa mpangilio sana. Kuna folda ya Wanunuzi, Pembejeo, Benki, Halmashauri, Vifaa, Wanachama, na ndani ya kila moja kuna folda ndogo za misimu. Huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka una folda zake mbili kila mahali. Ukizikunjua zote upande wa kushoto, orodha inashuka mpaka unasahau ulianzia wapi.

Shida yenyewe ni hii. Kuna mnunuzi alichukua zabibu zetu nyekundu msimu wa kwanza wa mwaka 2022, na kwenye malipo ya mwisho akakata gharama za usafiri kwa kila kilo. Wanachama wanasema hayakuwa makubaliano, na mimi nawaamini. Mjumbe mmoja wa bodi anakumbuka vizuri kwamba suala la gari liliandikwa kwenye barua pepe kabla ya mavuno na likasomwa kikaoni. Mkutano mkuu unakaribia na jambo hili litaulizwa. Kuna akina mama pale wana nusu eka ya mizabibu, na hayo makato kwao ni sare na madaftari ya watoto. Hiyo barua naitaka.

Ninavyofanya sasa: naingia folda moja, naandika "usafiri" kwenye kisanduku kilicho juu ya orodha ya barua, naangalia, natoka, naingia folda nyingine. Kile kisanduku cha juu kabisa ya dirisha nacho kinaleta majibu mengi, lakini la mwaka 2022 kutoka kwa mnunuzi huyo hakuna. Jina la mtumaji nalo halinisaidii. Mara anaandika meneja, mara mtu wa stoo, mara yule wa maabara anayepima sukari ya zabibu.

Je, kuna namna ya kuuliza folda zote na akaunti zote mbili kwa mara moja? Na kwa nini kisanduku cha juu hakioni barua ambayo watu wana uhakika ipo?

Kijana_Makulu amejibu:

Dada, ingia Gmail kwenye kivinjari umalize kazi. Gmail inasachi kila kitu bila kujali lebo, na ukitaka iangalie mpaka spamu na takataka unaanza na in:anywhere halafu neno lako. Haya mambo ya programu ya kwenye kompyuta yanawachosha tu.

KaraniZabibu amejibu:

Asante kaka. Akaunti zote mbili ni za anwani ya chama, hazipo Gmail. Na ile ya zamani haipo tena kwenye seva yoyote, ipo kwenye hii kompyuta tu. Kwa hiyo ni lazima ipatikane humuhumu.

Kijana_Makulu amejibu:

Kama ni POP na kompyuta ni hiyohiyo moja, kabla ya yote nakili folda nzima ya Thunderbird kwenye diski ya nje. Leo leo. Disiki ya ndani ikifa, hakuna pa kuulizia.

FundiNkuhungu amejibu:

Dada karani, aliyotangulia kusema kijana wa Makulu kuhusu kunakili ni kweli kabisa, fanya hilo kwanza. Kuipata folda yenyewe: ingia menyu ya Help, kisha "Troubleshooting Information", utaona mstari wa "Profile Folder" na kitufe cha kuifungua. Funga Thunderbird, nakili yote, ndipo tuendelee.

Nianze na swali lako la pili, maana likieleweka, la kwanza linakuwa jepesi. Thunderbird ina njia tatu za kutafuta, na kila moja inaona sehemu yake.

Kisanduku kilicho juu ya orodha ya barua, kinachofunguka kwa Ctrl+Shift+K, ni kichujio tu. Kinachuja folda uliyoifungua, nyingine hakizijui. Tena angalia chini yake kuna vitufe vya mtumaji, wapokeaji, kichwa na mwili wa barua. Kile cha mwili, "Body", kwa kawaida huwa hakijabonyezwa. Ina maana kila ulipoandika "usafiri" inawezekana ulikuwa unauliza vichwa vya barua na majina ya watu, na maandishi ya ndani hayakuguswa.

Kisanduku cha juu kabisa, Ctrl+K, kilikuja na toleo la 3 mwishoni mwa 2009. Hiki kinavuka folda na akaunti zote, na ndicho watu wengi wanakitegemea. Lakini hakiendi kusoma barua zenyewe. Kinasoma faharasa ambayo programu imeiandaa pembeni, faili linaloitwa global-messages-db.sqlite, limo humo humo kwenye folda uliyonakili. Kama faharasa ina mapengo, basi na majibu yana mapengo, wala hutaambiwa. Folda za takataka na barua taka hazimo kwenye faharasa. Na kila folda ukiibofya kwa kitufe cha kulia ukaingia "Properties", kuna tiki ya kuruhusu ionekane kwenye utafutaji wa jumla. Mtu akiitoa hiyo tiki, folda nzima inapotea machoni pa Ctrl+K.

Ukitaka faharasa ijengwe upya: funga Thunderbird, lile faili la sqlite libadilishe jina, fungua tena. Itaanza kusoma barua zote upya. Maendeleo unayaona kwenye "Activity Manager" ndani ya menyu ya Tools. Kompyuta itakuwa nzito wakati huo, kwa hiyo usiifanye wakati wakulima wamepanga foleni ya kupima mzigo, na uwe na uhakika na umeme.

Sasa jambo ambalo sisi tunaoandika Kiswahili linatuumiza kuliko wengine. Faharasa inalinganisha neno kwa neno, haiingii katikati ya neno. Maneno yetu yanajaa viambishi mbele na nyuma. Ukiuliza "usafiri", barua iliyoandikwa "tutasafirisha wenyewe" haitokei. Iliyoandikwa "mzigo utasafirishwa" haitokei. Kwako wewe ni jambo lilelile, kwa faharasa ni maneno matatu yasiyojuana.

Dawa yake ni njia ya tatu, Ctrl+Shift+F. Linafunguka dirisha la pekee yake. Juu chagua akaunti nzima, usichague folda, halafu hakikisha tiki ya kutafuta ndani ya folda ndogo ipo. Kwenye masharti chagua "Body", kisha "contains", kisha andika mzizi tu: safir. Hapo itakuletea usafiri, kusafirisha, tutasafirisha, imesafirishwa, zote kwa pamoja, kwa sababu inatafuta herufi zilizofuatana popote zilipo. Ongeza sharti la pili la tarehe, iwe baada ya Desemba 2021, na la tatu iwe kabla ya Julai 2022. Juu yake chagua masharti yote yatimie.

Hapo kuna kikwazo ukijue mapema. Dirisha hili lina mawili tu: masharti yote yatimie, au lolote kati yake. Huwezi kusema "safir au gari au lori, lakini mwaka 2022 tu". Kwa hiyo tembea na mzizi mmoja mmoja, tarehe ziache palepale. Na mzizi usiwe mfupi mno. Ukiandika "lip" utaletewa kila malipo, kila kulipa na kila "nilipofika".

Dirisha hili pia linachukua akaunti moja kwa wakati. Ukitaka mbili kwa pamoja, nenda File, New, "Saved Search". Unaipa jina, unabofya kitufe cha kuchagua folda, unatia tiki folda zote unazotaka kutoka akaunti zote mbili, unaweka masharti yaleyale. Itatokea upande wa kushoto kama folda, lakini ndani yake hakuna barua iliyohama. Ni dirisha la kutazamia, barua zinabaki zilipo.

Kwa ile akaunti ya IMAP kuna jingine. Inawezekana kwenye kompyuta yako yapo majina ya barua tu na maandishi ya ndani yamebaki kwenye seva. Ukisachi mwili wa barua ambao haujashuka, hupati kitu. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Synchronization & Storage", tia tiki ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta hii. Zitashuka zote na viambatisho vyake, kwa hiyo kama mnatumia bando la simu, pima kwanza. Au kwenye dirisha la Ctrl+Shift+F tia tiki ya kutafuta kwenye seva, hiyo haishushi kila kitu.

Mwisho, viambatisho. Thunderbird haisomi ndani ya PDF wala Word. Kama makubaliano yako yameskaniwa yakaambatishwa kwa jina la scan fulani, tafuta maneno ya barua iliyoyabeba, yale ya kwenye karatasi achana nayo.

Na tafadhali, programu ikikuuliza kama ibane folda ili kupunguza nafasi, kataa kwa sasa. Barua iliyofutwa kwenye folda ya POP huwa maandishi yake bado yamo ndani ya faili la folda mpaka siku ya kubana. Kama hiyo barua ilifutwa na mtu, bado kuna matumaini.

Mtumba_Ofisini amejibu:

Fundi, samahani naingilia. Sisi huku tunatumia Outlook, ninapata tatizo hilohilo. Nikitafuta barua ya zamani inaniambia hakuna, nikienda kwenye kivinjari naiona.

FundiNkuhungu amejibu:

Outlook ya akaunti ya ofisi mara nyingi imewekwa ihifadhi kwenye kompyuta barua za kipindi fulani tu, mathalani mwaka mmoja. Za nyuma ya hapo ziko kwenye seva. Bonyeza Ctrl+E, angalia upeo wa utafutaji uko kwenye folda moja au masanduku yote, ubadilishe. Majibu yakiisha, chini kabisa ya orodha kuna kiungo cha kuleta zaidi kutoka kwenye seva. Faharasa yake inatengenezwa na Windows yenyewe, ikiharibika inajengwa upya kwenye "Indexing Options" ndani ya Control Panel. Ukitaka zaidi fungua mada yako, hapa tumwachie dada karani.

Masijala_Mstaafu amejibu:

Habari zenu vijana. Nimefanya kazi masijala miaka mingi, nyingine huko mikoani, nyingine hapahapa Dodoma, nami nina neno.

Fundi ameeleza mashine vizuri. Mimi nitaeleza mtu aliyezipanga zile folda, kwa sababu barua hukaa pale mpangaji alipoona panafaa, na yule karani wa zamani naona alilelewa kimasijala. Kwetu barua ya kujibu hufuata faili la barua iliyoanza. Ikianza hoja ya viti, jibu likaja na habari za viti na mwishoni likagusia mishahara, linafungwa kwenye faili la viti. Karani mzuri wa masijala angeandika rejea kwenye faili la mishahara, lakini kwenye barua pepe rejea hiyo nani anaiandika? Kwa hiyo binti yangu, usiitafute barua ya gari kwenye Wanunuzi. Jiulize, kabla ya mavuno mlikuwa mnaandikiana na mnunuzi habari gani? Kreti? Dawa? Siku ya kuja kupima sukari? Huko ndiko ilikofungwa.

La pili, jiulize aliyeandika ni nani. "Gharama za usafiri" ni lugha ya kwenye mkataba. Mtu wa stoo akiandika barua haraka haraka hasemi hivyo. Anasema gari, anasema lori, anasema Fuso, anasema mzigo, anasema tutakuja kubeba. Tafuta kwa mdomo wake.

La tatu, barua rasmi za ofisi za umma zina Kumb. Na. Kama kuna barua yoyote ya halmashauri au ya mrajis iliyonukuu makubaliano yenu, chukua namba yake ya kumbukumbu uitafute jinsi ilivyo, na mikwaju yake. Namba haina viambishi.

Na wewe fundi, ukimaliza kumsaidia usije ukamshauri azivunje folda zile aweke barua zote mahali pamoja eti mashine itatafuta. Nimeona vijana wanafanya hivyo maofisini. Mashine ikikosa neno, mtu aliyekuja jana kazini anaanzia wapi?

FundiNkuhungu amejibu:

Shikamoo mzee. Folda za jambo, yaani Wanunuzi, Benki, Vifaa, nakubaliana nawe zibaki. Folda za misimu ndizo naona zinambebesha dada mzigo bure, kwa sababu tarehe imo tayari ndani ya kila barua na programu inaichuja kwa sekunde. Folda moja ya Wanunuzi, halafu utafutaji uliohifadhiwa wa kila msimu, inatosha kabisa.

Masijala_Mstaafu amejibu:

Marahaba. Msimu wa zabibu haufuati kalenda sawasawa. Malipo ya msimu wa kwanza yanaweza kuandikiwa barua mwezi wa tisa, wakati mavuno ya pili yanaingia kwenye mizani. Tarehe itakwambia Septemba, lakini hoja ni ya Februari. Karani yule alijua anachofanya.

FundiNkuhungu amejibu:

Hilo la malipo kuchelewa sikulifikiria upande wa zabibu, mzee. Basi badala ya tarehe atumie lebo za rangi, barua moja inaweza kubeba lebo mbili, msimu na hoja, na utafutaji uliohifadhiwa unazisoma lebo. Tusubiri kwanza tusikie kama amepata.

KaraniZabibu amejibu:

Wadau, nimerudi. Shikamoo mzee wetu wa masijala. Kaka fundi, Mungu akubariki.

Nimenakili kwanza kwenye diski ya nje kama mlivyosema, diski yenyewe ipo kabatini kwa mhasibu. Kisha nikaanza na akaunti ya zamani, Ctrl+Shift+F, mzizi safir, na tarehe. Zikaja barua nyingi za pembejeo, nyingine za wanachama wanaoomba ruhusa ya safari, moja ya benki. Hiyo ninayoitaka haikuwemo. Nikaweka "gari". Zikazidi kuwa nyingi, maana na magari ya halmashauri yamo.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mzee, nikaandika fuso.

Zikaja barua chache tu. Moja imo kwenye folda ya Vifaa, msimu wa kwanza wa 2022, kichwa chake "Re: Kreti za plastiki". Imetoka kwa mtu wa stoo wa yule mnunuzi, kwa anwani ambayo haina hata jina la kampuni yao. Nainukuu ilivyo, nimetoa majina:

"Kreti zitashuka Ijumaa asubuhi, mhesabu mbele ya dereva. Kuhusu mzigo msihangaike, Fuso letu litakuja kubeba hapohapo kituoni kila jioni ya mavuno, gharama juu yetu kama tulivyoongea na mwenyekiti. Nyie kazi yenu mzipange kivulini."

Neno usafiri halimo. Neno malipo halimo. Neno mkataba halimo. Mjumbe wa bodi nimempigia simu nikamsomea, akanijibu "ndiyo hiyohiyo, ya kivulini". Yeye alikumbuka kivuli kwa sababu siku hiyo walibishana kikaoni nani atajenga kibanda cha majani pale kituoni.

Na kitu kingine nimekiona kwa macho yangu. Nilipochukua barua hiyohiyo nikaitafuta kwa Ctrl+K kwa neno "beba", haikuja. Kwa Ctrl+Shift+F kwa neno hilohilo, imekuja. Imeandikwa "kubeba". Maelezo ya kaka fundi yamesimama hapo hapo kwenye skrini.

Sasa naomba maelekezo ya mwisho. Nimeifungua nikabonyeza kuiprinti. Inatosha kuipeleka kwenye mkutano? Naogopa mtu akisema tumeiandika wenyewe.

Masijala_Mstaafu amejibu:

Hongera sana binti yangu. Umewatendea haki wale akina mama.

Karatasi peke yake haitoshi kama mnunuzi atabisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini mtu anayeupokea atataka kujua ulitunzwaje na haukuguswa. Kwa hiyo iache pale ilipo, usiihamishe folda, na usiitume mbele kwa mtu halafu ukaitegemea ile iliyotumwa, kwa sababu hiyo ni barua yako mpya. Andika kwenye daftari lako la kumbukumbu siku uliyoipata, ilikuwa folda gani, na nani alikuwepo ulipoifungua. Muhtasari wa kile kikao ilikosomwa utafuteni pia. Barua na muhtasari vikisema jambo moja, mwenye kubisha ana kazi.

FundiNkuhungu amejibu:

Upande wa mashine: iteue hiyo barua, bonyeza Ctrl+S, ihifadhi kama faili la .eml. Hilo linabeba barua nzima ilivyokuja, na vichwa vyake vya ndani vinavyoonyesha seva ilizopitia na saa. Vichwa hivyo ukitaka kuvitazama ni Ctrl+U. Weka nakala ya .eml kwenye diski ya nje, pamoja na PDF ya kusomeka kwa wanachama. Barua nyingine za mnyororo huo wa kreti nazo zihifadhi hivyohivyo, ya kwanza mpaka ya mwisho, ili asije mtu akasema sentensi imeng'olewa.

Halafu tengeneza ule utafutaji uliohifadhiwa kwa mnunuzi huyo, akaunti zote mbili. Sharti liwe mtumaji, na uweke anwani zote unazozijua: meneja, stoo, maabara, hiyo ya pembeni uliyoiona leo. Hapo chagua lolote kati ya masharti, usichague yote, maana barua moja haiwezi kutoka kwa watu wanne.

KaraniZabibu amejibu:

Nimeutengeneza, umejitokeza kushoto chini ya akaunti ya sasa. Barua za misimu yote za mnunuzi huyo naziona zimepangana kwa tarehe, za akaunti ya zamani na mpya pamoja. Nimeongeza na safu ya mahali, kwa hiyo kila barua inanionyesha imetoka folda gani. Nyingi zimetoka Vifaa. Mzee alisema kweli.

Faili la .eml nimelihifadhi, na mnyororo mzima. Muhtasari wa kikao upo kwenye boksi faili, mhasibu ameutoa. Kesho asubuhi navipeleka vyote kwa mwenyekiti kabla hajaenda shambani.

Swali la mwisho kabisa, kaka fundi. Nikishamaliza kazi hii nikaufuta huu utafutaji uliohifadhiwa, barua zitaondoka?

FundiNkuhungu amejibu:

Ukiifuta folda yenyewe ya utafutaji, barua hazigusiki, zinabaki kwenye folda zake. Ila ukiingia ndani yake ukafuta barua moja, hiyo imefutwa kweli kule ilipokuwa. Kwa hiyo waambie na wenzako wanaokaa kwenye hiyo kompyuta.